Muundi na Viazi Kwenye Chungu cha Umeme

Nyama inayokifaa zaidi chungu cha umeme cha kupikia taratibu ni ile ambayo wanunuzi wengi huipita buchani: muundi, shingo, mkia, kidari, nyama ya bega yenye kano. Ukichukua steki tupu, isiyo na mfupa wala utando, utalipa zaidi, na jioni utafunua chungu ukute nyama kavu, yenye nyuzi zinazokwama kwenye meno ingawa ilishinda ndani ya mchuzi. Kwa hiyo kazi ya chakula hiki inaanzia buchani, na ukikosea pale hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Sababu iko ndani ya nyama yenyewe. Miguu na shingo ya ng'ombe hufanya kazi mchana kutwa, na misuli yake imefungwa kwa kano na utando mweupe wenye kolajeni nyingi. Kolajeni ikikaa saa nyingi kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea huyeyuka ikawa jelatini, ule unono unaonata midomoni mtu anapokunywa supu ya kongoro. Steki haina akiba hiyo. Ukiiweka saa 8 kwenye joto, maji yake hukamuka na hakuna kinachokuja kuyafidia. Steki ni ya kikaangoni, dakika chache, basi.

Kuna jambo jingine ambalo vijitabu vinavyokuja na vyungu hivi havikuambii. Ng'ombe wetu wengi ni wa asili, wenye nundu, waliochungwa kwa kutembea mwendo mrefu kutafuta majani na maji, na nyama yao huuzwa siku ile ile waliyochinjwa. Maelekezo ya vijitabu hivyo yaliandikwa kwa nyama ya ng'ombe walionenepeshwa kwa nafaka, ambayo hutundikwa kwenye baridi kwa siku kadhaa ilainike kabla haijafika dukani. Kijitabu kikisema saa 6, nawe umenunua nyama yako kwenye soko la Buguruni au la Burma asubuhi ile, panga saa 8. Uliye Leicester au Minneapolis, ukinunua muundi kwenye bucha la halali, saa za kijitabu zitakutosha.

Kwa watu sita, nunua kilo moja na nusu yenye mfupa. Mwambie muuza nyama: "Kaka, nikatie muundi na mfupa wake, vipande vikubwa, usinisagie." Vipande vikubwa maana yake kipande kinachojaza kiganja. Vidogo vya saizi ya mishikaki vitachambuka vyote, na utapakua uji wa nyama. Mfupa wenye uboho usiuache, kwani ndio utakaoupa mchuzi uzito. Kama nyama imekatwa kwa shoka, ioshe upesi kuondoa vijipande vya mfupa, kisha ikaushe kwa taulo za karatasi hadi isichuruzike. Huko kukausha kuna kazi yake, tutafika.

Chungu chenyewe na umeme wake

Chungu cha umeme ni kifaa chepesi kukielewa: bakuli zito la kauri, limekaa ndani ya ganda lenye nyaya za joto, na juu yake kifuniko cha kioo. Mmarekani Irving Naxon, fundi wa Chicago, aliomba hataza ya chungu chake mwaka 1936 na kuipata mwaka 1940. Familia yake husimulia kwamba wazo lilitoka kwa mama yake, aliyemweleza jinsi bibi yake Naxon alivyopika huko Vilna, Lithuania: Wayahudi wa kule hawakupika siku ya Sabato, hivyo Ijumaa jioni chungu cha nyama na maharage kilipelekwa kwa mwoka mikate, kikalala ndani ya tanuri lililokuwa likipoa, kikachukuliwa kesho yake kingali moto. Wasabato wa Kisii na Upareni, wanaomaliza mapishi yao Ijumaa kabla jua halijazama, hawahitaji kuelezwa faida ya chungu kama hicho. Kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon mwaka 1970 na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot.

Jambo la kukagua kabla ya jingine lolote ni volti. Vyungu vingi hufika Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwenye mzigo wa ndugu aliye ughaibuni. Kilichonunuliwa Marekani au Kanada kimetengenezwa kwa volti 120, na soketi zetu hutoa 220 hadi 240. Ukikichomeka moja kwa moja kitaungua, na kinaweza kuwasha moto. Kitahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa chini ya chungu. Kilichotoka Uingereza, Oman au Dubai kitafanya kazi bila tatizo, na hata plagi yake ya pini tatu za mstatili itaingia kwenye soketi ya kawaida. Kwa hiyo kama kuna ndugu anakuuliza akutumie nini, na yuko Muscat na mwingine yuko Houston, mwombe wa Muscat.

Wasiwasi wa kumaliza umeme wa luku hauna msingi mkubwa. Chungu cha lita 6 mara nyingi kimeandikwa wati 200 hadi 300. Kikiwa na wati 240 na kikawaka saa 8 mfululizo, kimekula uniti 1.92. Jiko la umeme la presha litatumia pungufu ya hapo kwa nyama ile ile, hilo ni kweli, na mtu ambaye haja yake kubwa ni kubana matumizi anunue la presha. Ila chungu hiki kimetengenezwa ili uondoke, urudi, ukute chakula, na ndiyo maana nakipenda kwa ajili ya mama anayetoka Mbagala saa 12 asubuhi akarudi saa 12 jioni, au kijana anayeishi peke yake ambaye kila jioni huishia kwenye chipsi.

Kuunga kunabaki kwako

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wamesikia kwamba kila kitu hutumbukizwa kibichi, kinafunikwa, na kazi imekwisha. Ukifanya hivyo utapata nyama laini kweli, ndani ya maji ya kijivu yenye harufu ya kitunguu kibichi, na utasema chungu hiki ni cha wagonjwa. Chungu hulainisha, lakini hakiungi. Joto lake halizidi joto la maji yanayochemka, yaani nyuzi 100, na mara nyingi liko chini kidogo ya hapo. Ile rangi ya kahawia na harufu inayoita majirani haiji mpaka uso wa nyama upite kama nyuzi 140, na joto hilo liko kwenye kikaango tu. Dakika 25 za kuunga kwenye jiko la gesi au la mkaa ndizo zinazotofautisha mchuzi na nyama ya kuchemsha.

Bandika kikaango kizito, weka mafuta vijiko vitatu vikubwa, yaache yapate moto hasa. Panga vipande vya nyama vikiwa vimekauka, vichache kwa wakati, visigusane. Ukivijaza vyote pamoja vitatoa maji na kujichemshia humo humo. Na kama hukuvikausha vizuri, maji yaliyo juu yake yatafanya vivyo hivyo, ndiyo sababu ya ile taulo. Usiviguseguse. Subiri upande mmoja uwe wa kahawia, geuza, kisha vihamishie kwenye bakuli. Nyama bado ni mbichi ndani, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye mafuta yale yale tia vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwakatwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kaanga kwa moto wa kati hadi viwe vya dhahabu kuelekea kahawia. Usivihurumie, kitunguu kilichogeuka rangi nusu nusu kitabaki na ukali wake hadi jioni. Tia vitunguu saumu punje sita na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimetwangwa, koroga dakika moja. Ifuate binzari nyembamba ya kusaga kijiko kimoja cha chai, giligilani ya kusaga kijiko kimoja, manjano nusu kijiko na pilipili manga nusu kijiko. Viungo vikinukia, tia nyanya nne zilizoiva sana, zilizosagwa au kukwaruzwa, na kijiko kikubwa kimoja cha nyanya ya kopo. Pika hadi rojo likauke na mafuta yajitenge pembeni. Alama hiyo kila mpishi wa pwani anaijua, na kwenye chungu cha umeme ina uzito kuliko kwingine, kwa sababu kifuniko hakitoi mvuke. Maji utakayoyaacha kwenye rojo asubuhi utayakuta jioni.

Mwisho mimina kikombe kimoja cha maji, ml 250, kwenye kikaango hicho na ukwangue kwa mwiko ukoko wote uliogandia chini. Ukoko huo ni ladha uliyoilipia, usiumwage kwenye sinki.

Kama asubuhi yako ni ya mbio, rojo lipike usiku, lipoe, liingie kwenye friji, na viazi na karoti viwe vimemenywa vinasubiri ndani ya maji. Nyama iache mbichi kwenye friji, uikaange asubuhi, kisha upashe rojo kwenye kikaango hicho hicho. Usiikaange nusu usiku ukailaza, kwani nyama iliyopata moto nusunusu kisha ikakaa huwapa bakteria muda wa kuzaliana. Bakuli la kauri nalo lisilale kwenye friji likiwa limejaa. Litachelewa sana kupata joto asubuhi, na kauri baridi inayokutana na moto ghafla hupasuka.

Kupanga ndani ya chungu

Viazi na karoti chini, nyama juu. Wengi hupanga kinyume wakidhani nyama ndiyo ngumu, lakini katika chungu hiki mboga za mizizi ndizo zinazochelewa. Kinachoshikilia kiazi kiwe kigumu huanza kulegea karibu na nyuzi 85, na chungu kinaweza kuchukua saa tatu au nne kufika huko kwenye moto mdogo, wakati nyama imeshaanza kulainika kwenye nyuzi 70. Joto linatoka pembeni na chini, kwa hiyo vitu vinavyolihitaji zaidi vigusane na kauri.

Chukua viazi mviringo sita vya wastani, ukate kila kimoja mara mbili tu. Karoti nne, kata vipande virefu kama kidole kimoja cha mkono. Ukikata vidogo vitapotea. Tandaza, nyunyiza chumvi kidogo, panga nyama juu yake pamoja na maji yaliyochuruzika kwenye bakuli, kisha mwagia rojo lako la moto. Chumvi kwa jumla, ukihesabu na ile ya vitunguu, isizidi vijiko viwili vya chai. Iliyobaki utaongeza ukionja jioni. Mdalasini kijiti kimoja na karafuu tatu ukipenda. Mimi huziweka nikipika shingo, muundi siuwekei.

Utaona maji ni machache na nyama imetokeza juu, na mkono utakuwasha uongeze. Usiongeze. Nyama, viazi na karoti vitatoa maji yao, na hakuna yatakayopotea. Chungu kiwe kimejaa zaidi ya nusu na kisizidi robo tatu. Kikiwa na chakula kidogo mno kitaunguza pembeni, kikijaa hadi mdomoni katikati hapataiva kwa wakati. Na usiingize nyama iliyotoka friza ikiwa barafu. Katikati yake itakaa saa nyingi kwenye uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60, na hapo ndipo bakteria hustawi. Nyama iyeyuke kwenye friji tangu jana yake.

Muda wa kuiva

Moto mdogo na moto mkubwa katika vyungu vingi huishia kwenye joto lile lile, wakati wa kulifikia ndio unaotofautiana. Ukiondoka saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 10 jioni, weka moto mdogo. Ukibaki nyumbani, weka moto mkubwa kwa saa 5 hadi 6. Ukipata nafasi, anza na moto mkubwa kwa saa ya kwanza wakati unajiandaa, kisha shusha kabla ya kutoka, ili nyama ipite upesi ule uvuguvugu. Wenye vyungu vya tarakimu, ambavyo hujihamisha vyenyewe kwenye hali ya kutunza joto, wanaweza kuchelewa njiani saa moja au mbili bila hofu. Chungu chenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono kitaendelea kupika hadi mtu aje akizime.

Katika mwezi wa Ramadhani mpangilio ni mwepesi kabisa: unga mara baada ya swala ya adhuhuri, washa moto mkubwa, na adhana ya magharibi itakukuta unapakua. Alasiri nzima hakuna anayesimama jikoni juu ya moshi akiwa na kiu, na hilo peke yake linatosha kumshawishi mwenye shaka.

Kifuniko usikiguse. Kila ukikifunua mvuke wote hutoka, na chungu huhitaji dakika 20 au zaidi kurudi kilipokuwa, kwa kuwa hakina moto wa kuchochea. Waeleze na wa nyumbani. Shangazi anayepita kila nusu saa kukoroga kwa nia njema atakifanya chakula cha jioni kiwe cha usiku wa manane. Hakuna kitakachoshika chini, kwa hiyo hakuna haja ya kukoroga.

Umeme ukikatika

Tunaishi na mgao na katizo la ghafla, na mwongozo usiosema lolote juu ya hilo haukuandikwa kwa ajili yetu. Ukiwa nyumbani umeme ukatoweka, usisubiri uone kama utarudi. Hamishia chakula chote kwenye sufuria, kibandike juu ya gesi au mkaa, kichemke, umalizie hapo kwa moto mdogo. Kama nyama ilikuwa imeiva tayari, chungu kikiwa kimefunikwa kitatunza joto lake kwa muda, hadi kama saa mbili.

Ukiwa kazini mambo ni mazito zaidi. Chungu cha kuzungusha kwa mkono hujiwasha tena umeme ukirudi, na jioni utakikuta kinafuka mvuke kana kwamba hakuna kilichotokea, hata kama kilikaa saa tatu kimezimika. Cha tarakimu mara nyingi hubaki kimezima. Kwa hiyo jiwekee shahidi: saa ya mikrowevu au redio ya umeme inayomweka tarakimu baada ya katizo, au jirani wa kumpigia simu. Ukigundua umeme ulikatika na hujui ni kwa muda gani, mwaga chakula hicho. Najua uchungu wa kumwaga kilo moja na nusu ya nyama. Lakini kukichemsha upya hakutoshi, kwa maana baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto, na wewe una watoto wa kuwalisha. Mtaa wako ukiwa na mgao usiotabirika, kitumie chungu hiki siku unazokuwa nyumbani, au usiku mkiwa mmelala, ukiweka saa ya simu ikuamshe mara moja uangalie taa yake.

Saa ya mwisho

Umerudi, umevua viatu. Sasa ndipo unapofunua kwa mara ya kwanza. Choma kipande cha nyama kwa uma: uma ukiingia na kutoka bila kung'ang'ania, na nyama ikaanza kuachana na mfupa, imeiva. Ikiwa bado inavuta, funika, weka moto mkubwa, uipe saa nyingine. Nyama ngumu katika chungu hiki haijakushinda, haijafika tu.

Engua mafuta yaliyoelea juu kwa kijiko kipana. Toa viazi viwili, uviponde kwa uma, urudishe na kukoroga taratibu. Mchuzi utashika uzito wake bila unga wa ngano wala wa mahindi. Kisha tia mboga zisizohitaji siku nzima: njegere kikombe kimoja, pilipili hoho moja iliyokatwa vipande vipana, nyanya chungu tano au sita zilizopasuliwa mara mbili kama unazipenda, bamia chache nzima. Moto mkubwa, kifuniko juu, dakika 30 hadi 40. Nyanya chungu zipe dakika 15 zaidi ya mboga nyingine. Mboga hizi zikiingia asubuhi, njegere itakuwa ya rangi ya khaki na hoho itabaki ganda.

Mchicha au kabichi zinapikwa pembeni kwenye sufuria yao. Zikiingia humu huujaza mchuzi maji na kuubadilisha harufu.

Anayetaka mchuzi wa nazi atie tui zito kikombe kimoja katika dakika 20 za mwisho, si kabla. Tui linaloshinda chunguni hukatika, mafuta yakaelea upande na machicha upande. Ndimu nayo husubiri hadi chungu kizimwe. Mbali na ladha yake kupotea, uchachu hufanya viazi vikatae kuiva, na ndiyo maana hata zile nyanya za asubuhi tulizipima. Onja chumvi, nyunyiza kotmiri iliyokatwa, kiache chungu dakika 10 kikiwa kimezimwa.

Wali mweupe unaupokea mchuzi huu kuliko kitu kingine. Ugali unafaa ukipunguza viazi, na chapati ni ya siku ya wageni.

Ukishauzoea mchuzi huu, njia ni ile ile kwa vyakula vingine vya kwetu. Mtori wa Kilimanjaro unakubali sana: badala ya viazi weka ndizi mbichi, maji vikombe viwili zaidi, na jioni uponde ndizi baada ya kutoa mifupa. Bokoboko la Zanzibar, ngano na nyama, lilizaliwa kwa ajili ya moto wa namna hii. Ngano iloweke usiku, na mwishoni uipige kwa mwiko hadi ishikane. Kongoro lilaze usiku kucha, baada ya kulichemsha kwanza jikoni na kumwaga povu.

Maharage ndiyo yenye hatari, na ninaomba usomaji wa makini. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Kuchemka kwa nguvu huiondoa, lakini joto la chungu cha umeme linaweza lisifike mahali pa kuiharibu, na maharage yaliyovuguvugika yanaweza kuwa na sumu kali zaidi kuliko yaliyo mabichi. Matokeo yake ni kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Ukitaka kuyachanganya na nyama, yaloweke usiku, mwaga maji hayo, yachemshe jikoni kwa maji mapya yakitokota kwa dakika 30, mwaga tena, ndipo uyaingize.

Kilichobaki kisilale chunguni. Kauri hutunza uvuguvugu kwa muda mrefu, na katika joto la pwani chakula kisikae nje zaidi ya saa moja au mbili. Kihamishie kwenye vyombo vipana visivyo na kina, kipoe upesi, kiingie kwenye friji. Kesho kipashe kwenye sufuria juu ya jiko hadi kitokote, kwa sababu chungu hiki hakifai kupashia. Bakuli liache lipoe kabla ya kulimwagia maji. Mchuzi wa muundi siku ya pili huganda kama jeli kwenye friji, na ukiuona hivyo ujue muuza nyama wako alikupa kipande sahihi, rudi kwake.